Darubini Mbili za Ilambila

“Darubini haisifiwi adhuhuri.” Mmeisikia kwa wakubwa, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Vizuri mmeuliza, maana methali usiyojua ilikotoka ni kama dawa usiyojua inatibu nini. Sikieni basi ilivyozaliwa.

Katika kijiji cha Ilambila, mashamba yalipakana na msitu wa ndovu. Usiku ndovu hushuka kula mahindi, na alfajiri hurudi msituni kwa kupitia korongo. Sasa korongo hilo hilo ndilo walilovuka watoto kwenda shule. Na ndovu, wanangu, si ng'ombe. Usimwone mnene ukadhani hawezi mbio.

Kwa hiyo kina mama wa kijiji walijiwekea utaratibu. Kila alfajiri wawili wao hupanda dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mahindi, na kuchungulia korongo kwa darubini. Watoto husubiri kwenye mashine ya kusaga. Njia ikiwa salama, walinzi hupiga kigelegele, na watoto wanakwenda. Wakiona ndovu, wanagonga debe, na hakuna mtoto anayeinua mguu.

Darubini yenyewe ilikuwa ya zamani. Nyeusi, nzito kama tofali, vioo vyake vya mbele vipana kama vifuniko vya chupa ya chai, na mkanda wake ulikuwa wa mpira wa baiskeli. Ukiivaa asubuhi, shingo inakuuma mpaka jioni. Watoto waliiita Bibi Kizito.

Mwaka huo mtoto wa Mama Tausi aliingia darasa la kwanza, na tangu siku hiyo mama yake hakulala usingizi wa maana. Alikuwa mwoga wa kuzaliwa, wenzake walimtania kwamba hata maji ya kisima huyachungulia kwanza kama yana mamba. Yeye alijibu, “Chekeni. Mwoga huenda kwao akiwa mzima.”

Siku ya gulio akaja mchuuzi mmoja, Bwana Kapilima, mtu wa maneno matamu. Alikuwa na darubini mpya, toleo la karibuni, bei nafuu. Jamani, ilikuwa nzuri! Inaingia kiganjani, nyepesi kama kifaranga, vioo vinameta kijani, na ina kigurudumu cha kuvuta vitu karibu. Jua lilikuwa la utosini. Kina mama wakapokezana.

“Namwona mbuzi wa Mzee Mbogoro kule mlimani, anatafuna!” akasema Bi Nyamizi, mwenyekiti wa kina mama. “Lete ile kongwe tulinganishe.” Akaiweka Bibi Kizito machoni, akaiondoa upesi. “Mbuzi mdogo, na mikono inatetemeka. Hii tumtupie nani?”

“Mimi nitaichukua, mama zangu,” akasema Kapilima. “Nipeni hiyo na jogoo mmoja, mpya ni yenu.”

Wakashangilia. Mama Tausi peke yake akaushika mkanda wa Bibi Kizito, akanyoosha kidole.

“Bi mwenyekiti, sisi huwa tunaangalia saa ngapi?”

“Alfajiri, si unajua.”

“Na hapa ni saa ngapi?”

“Ni saa za watu kununua vitu, shoga yangu! Mwanamke wewe hata chai ukipewa ya baridi unaipuliza.”

Watu wakaangua kicheko. Mama Tausi naye akacheka, lakini mkono wake haukuuachia mkanda wa mpira. “Pulizeni nanyi basi. Nani anakimbizwa? Bwana Kapilima analala hapa hapa. Tuzipandishe zote mbili dunguni kesho, kisha mbadilishane mnavyotaka.”

Mchuuzi akasema hana neno. Bi Nyamizi akakubali ili amnyamazishe mwenzake.

Alfajiri ikawakuta wanawake wawili hao dunguni, Bi Nyamizi na mpya, mwenzake na Bibi Kizito. Mwanga ulikuwa ule wa kijivu, mkono wako unauona lakini kucha huzioni. Kule kwenye mashine ya kusaga, sauti za watoto zilisikika, na Mama Tausi aliitambua ya Tausi katikati ya zote.

Bi Nyamizi akatazama, akazungusha kigurudumu, akatazama tena. “Njia nyeupe. Naona vile vichuguu tu.”

Akavuta pumzi apige kigelegele.

“Vichuguu vingapi?” akauliza Mama Tausi.

“Viwili.”

“Pale kichuguu ni kimoja tangu tumezaliwa!”

Mama Tausi akaielekeza Bibi Kizito kwenye korongo. Ndani ya vioo vile vipana mlikuwa na mwanga kuliko nje. Akakiona kichuguu. Pembeni yake akakiona cha pili, kikipunga masikio.

Lakini Bi Nyamizi alishachoka na woga wake; kigelegele kilikuwa kimeshaanza, “Lililii...” Mama Tausi hakuwa na nafasi ya kueleza. Mapajani alikuwa na kiazi cha kuchemsha cha kifungua kinywa. Akakishindilia chote kinywani mwa mwenyekiti, kisha akalinyakua debe. Aligonga mpaka mbwa wa kijiji kizima wakabweka. Watoto wakarudi nyuma wakakimbilia ndani ya banda la mashine.

Korongoni ndovu jike akainua mkonga, na ndama akatokea chini ya tumbo lake. Wakakatiza njia ya shule polepole, kama watu wanaotoka harusini, wakaingia msituni. Jua likachomoza.

“Sasa namwona!” Bi Nyamizi akapaza sauti, kiazi kikimtoka, darubini mpya machoni. “Namwona hadi kope!”

“Hata mimi namwona,” akasema Mama Tausi, “na macho yangu matupu.”

Wakatazamana, wakacheka mpaka dungu likayumba. Kisha Mama Tausi akakaa chini, akalia kidogo.

Waliposhuka, Bi Nyamizi alimkabili mchuuzi. “Bwana Kapilima, mbona hukutuambia kitu chako gizani ni kipofu?”

“Mama yangu, mliuliza kama inaona mbali, na inaona. Vioo vyake ni vidogo; vinakinga mwanga kama kikombe kinavyokinga mvua. Hiyo yenu ni beseni. Mvua ikiwa kubwa, vyote vinajaa. Ikiwa ya manyunyu, ndipo utaona tofauti.”

Hawakumfukuza, alikuwa amesema kweli. Wakampa jogoo peke yake, naye akaridhia, wakaichukua ile ndogo kwa kazi ya mchana, kuwatazama nyani. Bibi Kizito ikabaki na alfajiri yake, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyelalamikia shingo.

Ndiyo maana mnaambiwa. Rafiki anayekuchekesha pilau ikiwa mezani, kijana anayependeza kwenye sherehe, pikipiki inayong'aa barabara ikiwa kavu: msiseme kitu bado. Kukiwa na mwanga wa kutosha kila jicho ni zima. Ngojeni kijivu, ngojeni siku ambayo mtoto wa mtu anasubiri neno lenu ili avuke. Siku hiyo ndipo msifu.

Darubini haisifiwi adhuhuri.