Kwa Nini Kichanga Hugeuza Uso

Hapo kale, ninyi mnaowapigia vichanga makofi ili wawatazame, mtoto mchanga hakujua kugeuza uso. Alizaliwa macho wazi, akapokea kila alichoonyeshwa na kila alichopigiwa, hata kikamzidi nguvu.

Hali ilikuwa mbaya zaidi katika kijiji cha wahunzi. Huko mtoto akitimiza siku tatu alipelekwa kiwandani, nyundo zote zikaangushwa juu ya fuawe kwa pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, na kila mtu akamwinamia akimwita jina. Alipolia mpaka sauti ikamkauka, wazee walifurahi, wakasema anauitikia ukoo wake. Ujinga mtupu. Mtoto alikuwa anaomba aachwe.

Namkunda, mke wa mhunzi mmoja, alikuwa amekwisha kuwapeleka wanawe wawili kwenye nyundo hizo. Wote wawili walirudi wakilia, wakakataa ziwa, wala hawakufika arobaini. Alipojifungua wa tatu, binti, aliapa kwamba huyu haendi popote.

Kwa siku mbili hakumwondolea macho. Aliona kwamba kelele zikizidi, mtoto hutanua vidole, hushikwa na kwikwi, hupiga miayo na hali hana usingizi. Basi kila mara alimfunika macho kwa kiganja, akamgeuza uso kifuani na kumnong'oneza kwamba si lazima awapokee wote. Mtoto alitulia, akanyonya.

Siku ya tatu baba mkwe wake, Mzee Kiangi, mkuu wa wahunzi, alikuja kumchukua mjukuu. Alimkuta Namkunda ameketi mlangoni na mtoto, miguu ameinyoosha kuziba njia.

"Mkamwana, mtoto asiyeisikia nyundo si wa kwetu," mzee alisema.

"Baba, nyundo ataisikia maisha yake yote. Leo hatoki. Na kama si wenu, basi ni wangu."

Maneno hayo yaliwachoma wahunzi. Walizikokota fuawe zao mpaka uani kwake, na kijiji kizima kikafuata, hata wajawazito. Wakagonga, wakapiga kelele mpaka kuku wakakimbilia migombani. Namkunda aliwakumbuka wale wawili, lakini miguu hakuikunja. Mtoto akatanua vidole, akashikwa na kwikwi. Mama alipoinua kiganja amfunike macho, alikuta amekwisha kugeuka mwenyewe. Alijikunyata kifuani, akafumba macho, akalala fofofo.

Waligonga mpaka mikono ikafa ganzi. Kelele zilipokoma, Mzee Kiangi alidhani mtoto amekufa. Alipiga magoti kwa hofu, akamwekea kidole puani, akaisikia pumzi. Mtoto akafumbua jicho moja, akampigia mhunzi mkuu miayo ya uso kwa uso, kisha akampa kisogo. Mzee aliilaza nyundo yake kizingitini, akaenda zake.

Na tangu siku hiyo, watoto waliokuwa matumboni pale uani walizaliwa wakiijua hila ile, nao wakawarithisha waliowafuata. Ndiyo maana kichanga hulala hata ngoma zikirindima, na ukimchezesha kupita kiasi hukugeuzia uso. Wahunzi nao, nyundo ikishalazwa kizingitini kwa mzazi, hawagongi chuma mpaka arobaini ipite.

Kwa hiyo akikupa kisogo, usimgeuze wala usimtikisie njuga. Usidhani ni usingizi tu. Amekukataa. Mpishe.