Fundi Aliyezima Picha

"Mwenye ufunguo naye hupiga hodi."

Maneno hayo aliyasema mama yake Lusajo asubuhi moja ya likizo, akiwa amesimama nje ya chumba cha mwanawe na funguo za nyumba nzima mkononi. Lusajo alikuwa amemcheka. Nyumba ni yako, mama, na ufunguo unao, unabisha nini? Mama akamjibu hivyo tu, akachukua nguo chafu alizozifuata, akaenda kufua. Mchana, Lusajo na binamu yake Tusekile walipoingia kwa jirani yao Bibi Kissa, nesi mstaafu, wakamuuliza msemo ule umetoka wapi. Bibi Kissa hakupenda kusimulia watu wenye mikono mitupu, basi akawasogezea ungo wa maharage wachambue kwanza.

"Methali hii ilianza hivi," akasema.

Palikuwa na hospitali moja ya misheni huku huku kwetu nyanda za juu, na fundi wake wa kompyuta aliitwa Ambakisye. Alikuwa kijana mchapakazi, shati limenyooka hata siku ya mvua. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo wanayo wengi wenye akili: kazi ikiwezekana kufanyika bila kusema na mtu, yeye aliona raha kutosema na mtu.

Alishinda katika chumba chenye baridi kilichokuwa zamani stoo ya dawa. Humo mlikuwa na seva tatu. Seva ni kompyuta kubwa, na ndani ya kila moja zilikaa kompyuta nyingine nyingi zisizo na mwili: ya famasia, ya maabara, ya mapokezi. Mafundi huziita wageni, na seva ndiyo mwenyeji wao. Mwenyeji akizimika, wageni wote huzimika naye. Kwa hiyo yakija masasisho, yaani marekebisho ya kuziba mianya wanayopitia wezi wa mtandaoni, fundi huwahamishia kwanza wageni wa seva moja kwa jirani zake, huku wageni wenyewe wakiendelea na kazi. Ni kama unavyombeba mtoto aliyesinzia mkekani ukamlaza kitandani bila kumwamsha. Seva ikibaki tupu ndipo husasishwa, ikazimwa, ikawashwa, ikakaguliwa, na wageni wakarudishwa. Kisha inafuata nyingine.

Aliyemfundisha Ambakisye kazi hiyo ni Mzee Kajigili, ambaye sasa alikuwa amestaafu. Mzee huyo alikuwa na desturi yake. Kabla ya kugusa seva yoyote alizunguka wodi zote, akabisha kila mlango, akauliza nani ana kitu kisichotakiwa kukatika. Huku akapewa chai, kule akapewa malalamiko, na siku ikaishia hapo. Ambakisye alimheshimu sana mzee, lakini desturi ile aliiona ya kupoteza muda. Yeye aliwahamisha wageni kwa ustadi hata watu wa famasia wasijue kama kuna jambo. Ya nini kumbishia mtu mlango ili umwambie kwamba hatasikia kitu?

Basi zikaja habari za mwanya mbaya, wezi wanauingilia na kufunga mafaili ya wagonjwa. Mganga mkuu akataka uzibwe upesi. Ambakisye akaanza asubuhi. Seva ya kwanza ikaenda vizuri. Kwenye ya pili wageni wakahama wote, isipokuwa mmoja aliyegoma. Alikuwa mdogo, amefungamana na kidude kilichochomekwa nyuma ya seva ile, na mgeni wa namna hiyo habebeki. Ambakisye akatazama jina lake: Majaribio. Akajiambia, majaribio ya nani, mzee mwenyewe yuko kwake analima viazi. Ruhusa ya kuzima alikuwa nayo, hakuna wa kumuuliza. Akamzima, akaanzisha masasisho, akatoka kwenda kunywa chai kwa moyo mweupe.

Kumbe Majaribio ilikuwa kazi ya huruma ya Mzee Kajigili. Mzee alifunga kamera ndogo katika chumba cha watoto njiti, picha zikapita kwenye kidude kile, ziwafikie akina mama wasioweza kwenda kuwaona watoto wao. Hakuomba kibali, maana alijua vikao vya watu haviishi, ndiyo maana akaipa jina lisilogutusha mtu. Na siku hizo alikuwepo mama mmoja aliyejifungua kabla ya wakati, kwa upasuaji. Mtoto alienea kiganjani. Mama mwenyewe alikuwa na kikohozi ambacho daktari alikitilia shaka, akalazwa peke yake upande wa pili wa hospitali, akakatazwa kumkaribia mwanawe mpaka majibu ya makohozi yatoke. Hakuwahi kumshika. Alichokuwa nacho ni kishikwambi kilichoegemezwa kwenye mto, na ndani yake mtoto anapumua. Akimtazama, maziwa yalishuka, nesi akayakinga kwenye kikombe akampelekea mtoto. Asipomtazama, hata tone halikutoka.

Sasa picha ikakatika.

Mama yule aliwaza ambalo mzazi yeyote angeliwaza. Mtoto amefariki, na watu wa hospitali wamezima ili asione, wanatafutana nani akamwambie. Aliita, na nesi alikuwa na mgonjwa mwingine. Akashuka kitandani na mshono wake.

Ambakisye alikutana naye barazani, mkono mmoja ukutani na mwingine tumboni, khanga imeingia damu. Akataka kukimbia kumwita nesi, lakini mama akamshika shati.

"Baba, nipeleke kwa mwanangu."

"Keti kwanza, mama, umepasuliwa. Nakuitia nesi."

"Msinifiche. Mmezima picha ili nisione. Kama amekwenda, niambieni amekwenda, lakini nimshike kabla hajapoa."

"Picha ipi, mama?"

"Ya mtoto. Nilikuwa namtazama, ikazimika tu."

Hapo Ambakisye akaelewa, na aibu ikamshika. Hakuweza kuirudisha picha. Seva iliyo katikati ya masasisho ukiikatiza inaweza isiamke tena. Na hali ya mtoto mwenyewe hakuijua, kwa hiyo hata neno la kumtuliza mama hakuwa nalo. Akasema lile alilolijua.

"Nimezima mimi, mama. Si kwa sababu ya mtoto. Nilikuwa natengeneza mashine, sikujua kwamba nawe umo ndani yake. Twende ukamwone."

Akaleta kiti cha magurudumu, akamvisha barakoa, akamsukuma hadi nje ya dirisha la chumba cha njiti. Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mkali, ambaye siku hizi huwachambulisha watoto wa watu maharage. Alipowaona alifungua mdomo kugomba, kisha akaufunga. Akamwinua mtoto mpaka kwenye kioo. Mtoto akapiga mwayo. Mama akaweka kiganja juu ya kioo akalia, na maziwa yakalowesha gauni lake la hospitali. Ambakisye naye alilia pale nyuma ya kiti, wala hakujificha.

Mama alipotulia akageuka kumtazama. Hakuwa na hasira.

"Ufunguo unao wewe, baba, na kazi ni yako. Sisi hatukatai. Lakini mwenye ufunguo naye hupiga hodi."

Akarudishwa wodini, mshono ukashughulikiwa, na seva ilipoamka picha ikarudi. Hadithi ingeweza kuishia hapo, ila masasisho yale yalikuwa na pacha. Lilibaki sasisho jingine lisiloweza kuingia kabla ya lile la kwanza, na kesho yake seva ya pili ilipaswa kuzimwa tena. Ambakisye angeweza kungoja mama asinzie, akamaliza, na asingejua mtu. Nia hiyo ilimpitia, naye hakuificha alipokuja kutusimulia. Akaiacha. Akazunguka wodi zote kama mzee wake, akanywa chai zote na malalamiko yote, akamalizia kwenye mlango wa mama yule.

"Hodi."

"Karibu, baba."

"Mama, kesho asubuhi picha itazimika tena kidogo. Mtoto hatazimika."

Mama akakitazama kishikwambi. Kisha akasema, "Zima. Ila uje ukae hapa na mimi mpaka iwake."

Akaja. Kazi ya kubonyeza alimwachia mwenzake, yeye akavaa barakoa akaketi karibu na kitanda. Kishikwambi kikawa cheusi, na mama akakishika kwa mikono miwili. Ndipo simu ya Ambakisye ikalia. Alikuwa yule nesi mkali, ameiweka simu yake kwenye shavu la mtoto, na mtoto analia kwa hasira ya njaa. Wakamsikiliza wote wawili mpaka picha ikarudi. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akaomba aletewe kikombe.

Majibu ya makohozi yalitoka safi, na mama akamshika mwanawe. Msemo ukaanzia wodini, ukafika mapokezi, ukatoka na wagonjwa hadi sokoni, na leo watu wanausema hata wasiojua seva ni nini. Ambakisye alibadilisha pia jina la yule mgeni asiyehama, ili fundi mwingine asije akamdharau. Hakumwita tena Majaribio. Alimwita kwa jina la mtoto yule: Lusajo.

Mikono ya Lusajo ikasimama ndani ya maharage. Tusekile akamtazama, akatazama pembeni. Bibi Kissa aliendelea kuchambua, akatupa jiwe dogo nje.

Lusajo akainuka bila kuaga, akavuka ua hadi kwao. Mama yake alikuwa jikoni anasonga ugali, na mlango ule ulikuwa wazi siku zote, hata kitasa haukuwa nacho. Akasimama kizingitini akabisha kwenye ubao.

"Hodi, mama."

Mama aligeuka na mwiko mkononi.

"Karibu, mwanangu."

Kule kwa jirani, Bibi Kissa aliusogeza ungo wote upande wa Tusekile, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Mwenye ufunguo naye hupiga hodi."