Mbwa Aliyeitwa Mtasema

Mkono hubweka kabla ya mbwa.

Maneno hayo aliyasema muuguzi wa zahanati, akimwambia mama mmoja kijana aliyekuwa amembana mwanawe kifuani kama anayeogopa kunyang'anywa, na mtoto analia hata sindano haijaonekana. Wajukuu wa Bibi Niendiwe waliyasikia wakacheka, wakarudi nayo nyumbani. Walimkuta bibi yao jikoni akipukuchua mahindi ya makande, wakamwuliza: mkono unabwekaje?

Bibi akausogeza ungo katikati, akampa kila mmoja hindi lake.

"Shikeni kazi, niwape habari yake," akasema. "Msemo huo haukutoka mbali. Umezaliwa hapa hapa milimani kwetu Upareni, na aliyeuzaa alikuwa mjane mmoja, jina lake Nanzia."

Basi akaanza.

Enzi hizo barabara ilikuwa haijapanda mlima. Kijiji kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya mfereji upande wa chini na msitu upande wa juu, na mashamba yote yalikuwa matuta, moja juu ya jingine, hadi kwenye miti. Msituni walikaa nyani. Na nyani wa milimani wana dharau moja: hawamwogopi mwanamke. Mwanamke atapiga debe, atarusha mawe, nao watakaa wanamtazama, wanamenya mahindi yake taratibu kama wageni walioalikwa. Waliyemheshimu ni mbwa peke yake.

Kwa hiyo kila nyumba ilifuga mbwa, na mahindi yalipoanza kukomaa kijiji kizima kilitoka kwa pamoja, watu na mbwa wao, kuwasaka nyani na kuwarudisha ndani kabisa ya msitu. Zilikuwa asubuhi nzuri hizo. Umande umejaa kwenye majani, wanaume wanaitana tuta hadi tuta, moshi wa makande unapanda kutoka kwenye vyungu vikubwa pale chini, na hakuna aliyeuliza shamba hili ni la nani. Siku hizi kila mtu ana waya wake na kufuli lake. Siku zile shamba la mmoja lililindwa na wote.

Nanzia alikuwa ameolewa na Elinaja, mwanamume aliyechelewa sana kuoa. Alipooa, watu walisema. Walisema amezeeka, walisema mke ni mdogo, walisema hawatapata mtoto, na kweli hawakumpata. Enzi hizo mtu akiwa na neno la kuwaambia majirani, alimpa mbwa wake neno hilo liwe jina, kisha akamwita kwa sauti jioni, kijiji kizima kisikie. Elinaja akaleta mbwa mdogo mwekundu, akamwita Mtasema. Kila jioni alisimama uani akaita, "Mtasema! Mtasema!" na Nanzia alicheka jikoni mpaka machozi yakamtoka.

Kicheko hicho hakikudumu. Homa ilimchukua Elinaja mbwa akiwa bado hajajua kubweka vizuri. Nanzia akabaki na nyumba, na matuta ya juu kabisa yaliyogusa msitu, na Mtasema.

Siku moja alishuka mferejini kuchota maji, mbwa anamfuata nyuma. Hapo mferejini akatokea mbwa wa Mzee Sefania, mkubwa, mweusi, aliyeitwa Sitaki Shari. Jina lilikuwa hilo, lakini shari aliitaka. Alimrukia Mtasema, akamkamata sikio, akamtikisa. Nanzia aliuangusha mtungi, ukavunjika, akajitupa katikati yao akamtoa mbwa wake akiwa anavuja damu na sikio limechanika. Alimbeba mpaka nyumbani kama mtoto. Njia nzima alikuwa akisema, "Na wewe usiniache. Na wewe usiniache."

Tangu siku ile hakutoka naye bila kamba. Akimwona mbwa mwingine kwa mbali, hata kama amelala zake juani, Nanzia aliizungusha kamba mkononi, akaivuta, akabana pumzi, kisha akaanza kusema, "Tulia, tulia, tulia," kwa sauti ambayo yenyewe haikutulia. Mtasema naye akakua. Akawa mbwa mwenye kifua kipana na sikio moja la kuning'inia, na kila alipokutana na mbwa mwenzake alisimama kwa miguu ya nyuma, anabweka, anajinyonga kwa kamba, macho yamemtoka. Nyumbani alikuwa mpole. Kuku walitembea juu yake. Nje alikuwa kitu kingine.

Msimu wa msako ulipofika, alimpeleka, kwa kuwa kila nyumba ilipaswa kutoa mbwa. Hata hawajapangwa mstari, Mtasema aliponyoka akamrukia mbwa wa kwanza aliyemwona. Huyo akalia, wenzake wakaja, na kufumba na kufumbua mbwa wote wa kijiji walikuwa fundo moja la meno na manyoya. Watu walihangaika kuwaachanisha kwa magongo na maji. Walipoinua vichwa, nyani walikuwa wameshuka matuta ya juu, wameshakula, na wengine wameketi juu ya jiwe wanatazama ugomvi.

Mzee Sefania ndiye aliyekuwa kiongozi wa msako. Alikuwa mtu wa haki, lakini mkavu, na maneno yake hayakurudiwa.

"Mama," alimwambia Nanzia mbele za watu, "mbwa huyu ametupotezea chakula. Mwakani akiwa hajatulia, hatapanda na wenzake. Na nyumba isiyo na mbwa msakoni, shamba lake atalilinda mwenyewe."

Nanzia akaizungusha kamba mkononi, akamvuta mbwa wake nyumbani. Alijua maana ya maneno yale. Mjane peke yake, kwenye matuta yale ya juu, mbele ya nyani wasiomwogopa mwanamke, asingevuna hata hindi la kuchoma.

Ushauri ukaja kila mlango. Wakamwambia mbwa huyo anataka fimbo. Akajaribu: Mtasema akibweka, anamchapa. Ikawa vibaya zaidi, maana sasa mbwa alipomwona mwenzake alijua na fimbo inakuja, akaanza kubweka mapema. Mwindaji mmoja kutoka tambarare alipopita akamtazama Mtasema, akasema atamchukua, huko kwake mbwa mkali ana kazi. Nanzia akamwambia apite tena akirudi. Jioni ile hakula. Alikaa kizingitini, mbwa ameweka kichwa juu ya mguu wake, akajaribu kuwaza uwanja ule bila jina lile kuitwa.

Asubuhi akaja wifi yake, Namsifu, dada wa marehemu Elinaja. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache na hatua za polepole, na alikuwa na mbwa jike mzee ambaye hajawahi kugombana na yeyote.

"Nimesikia unamtoa mbwa wa kaka yangu," Namsifu akasema.

"Nifanyeje, wifi? Nimempiga, nimemsihi. Hasikii."

"Kabla hujamtoa, tumjaribu kwa njia ya tumbo."

Wakaanza. Namsifu alisimama na jike wake tuta la chini kabisa, Nanzia na Mtasema tuta la juu kabisa, mbali kiasi kwamba mbwa walionana kama vijiti. Nanzia alikuwa na ukoko wa ugali uliopakwa mafuta, kibindoni. Mtasema akimtazama yule jike, kisha akarudisha macho kwa mama yake bila kubweka, alipewa kipande. Akibweka, walirudi nyuma kidogo, bila ugomvi, wakaanza tena. Kila siku wakashuka tuta moja. Watu waliopita walicheka kuona wanawake wawili wazima wanapandisha na kushusha mbwa kwenye matuta, wanawalisha ukoko. Wao hawakujali. Mtasema alianza kuelewa kwamba mbwa mwingine akionekana, kitu kizuri kinakuja.

Lakini walipofika karibu, pale ambapo mtu angeweza kumtupia mwenzake hindi akalidaka, mambo yaligoma. Kila mara, hapo hapo, Mtasema alilipuka. Wakarudi juu, wakashuka tena, akalipuka. Nanzia akakaa chini kwenye majani.

"Basi, wifi. Mwindaji akija atamchukua."

Namsifu akamfunga jike wake kwenye mti, akapanda hadi alipo Nanzia, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kamba. Wewe simama hapa hapa."

Akaishika kamba kama mtu anayeshika upindo wa kanga yake, akashuka na Mtasema huku akitazama mahindi. Wakafika pale pa kulipuka. Wakapita. Mtasema akamfikia yule jike mzee, akamnusa, akakojolea kijiti, akatulia.

Nanzia aliona yote kutoka juu. Badala ya kufurahi, aliona uchungu.

"Kumbe ananichukia mimi," Nanzia akasema, wifi yake alipomrudishia mbwa. "Miaka yote nimemlisha, na wewe ndiye anayekusikia."

"Hakuchukii. Nionyeshe mkono wako."

Nanzia akaufungua. Kiganja kilikuwa na mistari myekundu, alama ya kamba, na mingine ya zamani iliyokuwa imekauka kuwa sugu.

"Unaona?" Namsifu akasema. "Wewe ukimwona mbwa mwingine, unamkumbuka yule wa mferejini. Unakaza. Huyu hajui unakumbuka nini. Anasikia tu kamba inamwambia kuna hatari, naye anaamini, kwa sababu wewe ndiye mama yake. Mkono wako ndio unaobweka, wifi. Mbwa anaitikia."

Nanzia alikitazama kiganja chake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani nikishika sana hatapotea."

"Najua," Namsifu akasema. "Na mimi nilimshika kaka yangu hivyo hivyo, siku ile ya homa."

Wakalia kidogo, wote wawili, mbwa wakiwatazama.

Siku ya pili Namsifu alikuja na mayai kwenye kitenge. Akaweka yai moja bichi katika kiganja cha Nanzia, na kamba juu yake. "Shika vyote viwili," akasema. "Ukikaza, utajua mwenyewe."

Yai la kwanza lilipasuka hata kabla jike hajasogea. Mtasema aliramba mkono wa mama yake kwa furaha kubwa, na Nanzia akacheka, kicheko ambacho kijiji hakikuwa kimekisikia tangu Elinaja azikwe. La pili nalo likaenda. Mayai mengi yaliliwa na mbwa yule, wajukuu zangu, na majirani wakasema, kama ilivyo ada. Lakini kidogo kidogo mkono ukajifunza. Nanzia alijifunza kutoa pumzi pale alipozoea kuibana. Alijifunza kutazama mbele, si kumtazama adui. Ikafika siku walipita karibu na jike yule hadi manyoya yakagusana, na yai likarudi nyumbani zima, likapikwa.

Mwindaji aliporudi alipewa maji ya kunywa, akaenda zake.

Mahindi yakakomaa. Asubuhi ya msako watu walikusanyika chini ya matuta, na Nanzia alipotokea na Mtasema, mazungumzo yakakatika. Waliokuwa na mbwa wakawavuta kando. Mbele ya wote alisimama Mzee Sefania na Sitaki Shari, ambaye sasa alikuwa mzee kidogo lakini bado mweusi na mpana.

Nanzia akatoa pumzi. Akafungua vidole, akaiacha kamba ilale kiganjani. Mtasema akamtazama yule mweusi. Akanusa upepo. Sikio lake zima likasimama. Halafu akageuza kichwa, akamtazama mama yake, akingoja ukoko.

Aliyebweka alikuwa Sitaki Shari. Alisimama kwa miguu ya nyuma, povu mdomoni, na Mzee Sefania alikuwa ameizungusha kamba mkononi hadi vidole vimegeuka rangi, anavuta kwa nguvu zake zote, anasema, "Tulia wewe, tulia."

Nanzia alimjua mtu yule. Alikuwa yeye mwenyewe wa mwaka uliopita.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "legeza mkono."

Watu wakashusha macho. Hakuna mwanamke aliyewahi kumwelekeza Sefania mbele za watu.

"Nikilegeza atamla mbwa wako."

"Hatamla. Anakusikia wewe, mzee wangu. Mkono hubweka kabla ya mbwa."

Sefania alimtazama, kisha akautazama mkono wake kana kwamba ameuazima. Mwisho akafungua duara moja la kamba, na la pili, akashusha mabega. Sitaki Shari akabweka mara moja tena, akakosa wa kumwunga mkono, akanyamaza. Mbwa wale wawili wakasogeleana, wakanusana kutoka pua hadi mkia kama wazee wanaopeana pole, wakageuka pamoja kutazama msitu.

"Haya," Mzee Sefania akasema. "Tupande."

Wakapanda. Nyani walirudishwa mbali mwaka ule, na Nanzia alivuna matuta yake yote.

Lakini msemo haukubaki kwa mbwa. Mzee Sefania alikuwa na mwanawe mkubwa, Kiondo, waliyekuwa hawasemezani ingawa nyumba zao zilitenganishwa na ua tu. Kila baba alipokwenda kusuluhisha, ilizuka kelele, naye alirudi akisema, "Mmemsikia? Ameanza yeye." Baada ya msako ule, asubuhi moja, watu walimwona Sefania anavuka ua bila fimbo yake, bila wazee wa kushuhudia, mikono mitupu. Aliketi kwenye kigoda cha mwanawe akasema, "Nimesikia harufu ya makande. Yamebaki?" Kiondo alisimama pale mlangoni, amejiandaa kwa ugomvi ambao haukuja. Kisha akaingia ndani kuchukua bakuli.

Walikula hadi jua likapanda. Majirani walipomwuliza mzee yule amempa mwanawe dawa gani, alivigeuza viganja vyake juu, akawaonyesha.

"Miaka yote nilidhani ni yeye," akasema. "Kumbe mkono hubweka kabla ya mbwa."