Buibui Aliyekwenda Harusini kwa Majimoto

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa huko nyuma mmeitika kwa uvivu. Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mpera, na mpera una majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani wakalala ndani. Wakali hao. Bi Mjusi alikaa shinani, anakula kila kipitacho, ila majimoto hagusi. Aligusa siku moja, ulimi ukavimba siku tatu.

Juu ya mpera huohuo alikaa Buibui Mrukaji. Mwekundu, mwembamba, kiuno kimebanwa. Miguu minane, lakini miwili ya mbele anainyanyua, anaipungapunga kichwani kama vipapasio vya chungu. Anatembea kwa sita. Tia, tia, tia.

Bi Mjusi akimwona anasogea pembeni. "Shikamoo, bwana Majimoto."

"Marahaba," anaitika Buibui, huyoo anapita.

Kila siku shikamoo, kila siku marahaba. Mwisho ikampanda kichwani. Majimoto wakafanya harusi, naye akajikwatua, akaenda.

Mlangoni kasimama Bibi Majimoto, anampapasa kila mgeni. Gusa, gusa, pita. Gusa, gusa, pita. Akamfikia Buibui.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa humuhumu, bibi."

"Mbona hunuki kikwetu? Na macho hayo kama taa za lori?"

"Nina homa, bibi."

"Homa haiongezi miguu, baba. Hii sita. Na hii miwili umekuja nayo zawadi?"

Majimoto wakageuka wote. Buibui akaruka, pwaa! Akabaki ananing'inia kwenye uzi wake, anabembea, mbele ya pua ya Bi Mjusi.

Bi Mjusi akamtazama. Akautazama uzi. "Majimoto anaruka? Majimoto ana uzi? Kumbe buibui, na shikamoo zangu zote zile umekula."

Akafungua kinywa. Buibui ruka, Mjusi nyuma. Ruka, Mjusi nyuma. Alinusurika chupuchupu, akahamia ukutani kwa watu. Mpaka leo ukimsogelea anageuka upesi akukodolee macho, anaona labda ni Bi Mjusi.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojichekesha hapo: nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukishaivaa, usiende nayo harusini kwa mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mpera bado una majimoto, msiparamie.