Mashine ya Mawimbi ya Bi Mize

Bi Mize, mchomelea mageti wa Mikindani, alibuni mashine ya kufua umeme kwa mawimbi. Ilimshinda gia tu: wimbi likija taa iliwaka, likirudi ilizimika. Akachukua mchoro wa mashine, akamwendea tajiri Nandonde, mwenye kampuni na wahandisi watano.

"Nipe wahandisi wako, tushirikiane nusu kwa nusu."

"Acha mchoro kwanza."

"Jamani bwana mkubwa, huo ndio roho yangu! Ukipotea je?"

"Uache, au uondoke!"

Akauacha, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kesho yake mlinzi akamtimua getini: tajiri hamjui, wala hajaona mchoro wowote.

Miezi mitatu baadaye mashine ilisimama ufukweni, taa zinawaka bila kupepesa, ngoma zinarindima, na Nandonde anajiita mvumbuzi. Bi Mize akajipenyeza mpaka jukwaani, kanga kiunoni, akamkunjulia cheti cha serikali cha kusajili uvumbuzi: mchoro uleule, jina la Bi Mize, tarehe ya mwaka jana.

"Nusu kwa nusu, bwana mkubwa. Saini hapa, au nichukue kipaza sauti?"

Nandonde akasaini, jasho likimchuruzika. "Mbona siku ile hukunionyesha cheti?"

"Ningekuonyesha, gia angenitengenezea nani?"