Kanisa la Mzee Cheche Lajifunza Kuimba

Watu wengi hukisifu kitu kizuri bila kumkumbuka aliyekitolea jasho. Wakiona chombo kimekaa sawasawa juu ya maji, husifu utulivu wa maji. Hawamuulizii fundi aliyepasua mbao, akazilinganisha, akaziba nyufa mojamoja. Ndiyo maana wahenga wakatuachia methali isemayo, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliyajua maneno hayo tangu utotoni, lakini maana yake aliipata kichwa kikiwa kimejaa mvi.

Fundi huyo watu walimwita Mzee Cheche. Siku sita za juma alitengeneza mageti na madirisha katika karakana yake iliyokuwa kando ya barabara. Siku ya saba aliongoza kanisa dogo la watu wapatao arobaini, waliokusanyika katika chumba ambacho zamani kilikuwa ghala la saruji. Kuta walizipaka chokaa wenyewe, na mabenchi aliyachomelea yeye. Kinanda hawakuwa nacho. Walikuwa na ngoma moja na viganja vya kupigia makofi.

Mzee Cheche ndiye aliyehubiri, ndiye aliyesoma matangazo, na ndiye aliyeanzisha nyimbo. Hapo kwenye nyimbo ndipo palipokuwa na kasoro. Miaka thelathini ya kusemezana na wateja mbele ya mashine ya kukatia vyuma ilikuwa imempa sauti ya king'ora. Wimbo aliuanzia juu darini. Katika ubeti wa kwanza waumini walimfuata kwa heshima. Kwenye kiitikio, ambapo sauti hupanda zaidi, akina mama walianza kukohoa, wanaume wakanyamaza kama waliomwagiwa maji, na Mzee Cheche akamalizia peke yake, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba za kuanikia nguo. Yeye aliamini kwamba waumini wake hawana ari. Hakuna aliyethubutu kumweleza vinginevyo, kwa sababu walimpenda. Aliyefiwa alimkuta Mzee Cheche mlangoni kabla ya jamaa zake, na aliyekatikiwa bawaba ya mlango alitengenezewa bure.

Jumapili moja, baada ya ibada, kitinda mimba wake alikuja nyumbani kula na wazazi. Binti huyo alikuwa msusi mwenye saluni yake, na alikuwa amechumbiwa.

"Baba, kadi za harusi zinakwenda kuchapishwa," alisema huku akikwepa macho ya babake. "Tumeamua ndoa ifungwe kwenye lile kanisa kubwa la karibu na hospitali."

Mzee Cheche aliweka kijiko chini. "Mimi babako nina kanisa, halafu wewe unakwenda kufungia ndoa kwa watu?"

"Baba, usinielewe vibaya."

"Nieleze nikuelewe vizuri."

Binti alimtazama mamake. Mamake akatazama sufuria. "Wakwe zangu watakuja wengi, baba. Na kwetu tukianza kuimba, watu hucheka. Siku ile mchumba wangu alipokuja ibadani, aliniuliza kama kuna mtu amekanyagwa."

Mama alijifanya anakohoa. Mzee Cheche hakuona cha kuchekesha. Tangu binti huyo azaliwe, alikuwa ameiwaza siku ya kumbariki katika chumba kile kile alichobatiziwa.

"Wale wamejaliwa sauti," alisema kwa unyonge. "Mungu kawapa zile, sisi katupa hizi."

"Mimi sijui, baba. Najua ninachosikia."

"Nipe wiki sita. Njoo usikilize, kisha uamue."

"Wiki sita utafanya nini ambacho hukukifanya miaka ishirini?"

"Nipe tu, mwanangu."

Binti alihema. "Haya. Mchapaji nitamwambia asubiri. Lakini nikija nikaona yale yale, usininunie."

Jumanne, saa ya chakula cha mchana, Mzee Cheche alivua aproni yake iliyojaa matundu ya cheche, akanawa hadi viwiko, akaenda kumtafuta mwalimu wa kwaya ya lile kanisa kubwa. Alimkuta hospitalini: mama wa makamo, karani wa kutunza mafaili.

"Mwalimu, nimekuja uniombee," alisema. "Nataka watu wangu wapate kipaji kama mlichopewa ninyi."

Mwalimu alicheka, lakini si kwa dharau. "Kipaji? Mzee wangu, nifuate."

Walivuka barabara hadi kwenye kijichumba nyuma ya kanisa kubwa. Mwalimu akafungua kabati. Ndani mlikuwa na mafaili yaliyopangwa kama ya wagonjwa. Kila wimbo ulikuwa na faili lake, lenye maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, nota za do, re, mi za kila sauti, na alama ya mahali pa kuanzia. Kwenye simu yake alikuwa na rekodi: sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ya tatu peke yake, na besi peke yake, ili kila mtu ajifunzie nyumbani.

"Kuna wimbo wenu unapita kwa upole, kisha unafunguka kama dirisha," alisema Mzee Cheche. "Huo nao umo humu?"

"Huo? Tuliufanyia mazoezi wiki saba kabla hamjausikia."

"Wiki saba! Wimbo mmoja!"

"Na besi bado wanaukosea. Sasa hebu nianzishie wimbo wowote, kama unavyofanya kwenu."

Mzee Cheche akaanzisha. Njiwa waliokuwa juu ya bati wakaruka. Mwalimu akatoa mfukoni kipande cha chuma chenye umbo la uma, akakigonga gotini, akakisogeza karibu na sikio la mgeni wake. Kilitoa sauti moja nyembamba, iliyotulia.

"Ungeanzia hapa, au chini kidogo ya hapa. Wewe umeanzia mbali sana juu, wazee wako hawafiki. Geti la hospitali si ulilitengeneza wewe?"

"Ni langu lile."

"Kabla ya kukata chuma ulianza na nini?"

"Nilipima uwazi. Usipopima uwazi, geti haliingii hata ulipake rangi ya dha..." Alikatiza sentensi. Akakitazama kile chuma mkononi mwa mwalimu.

"Na watu wako," mwalimu alimuuliza polepole, "uliwahi kuwapima?"

Mzee Cheche alitikisa kichwa. Mwalimu akampa kitabu chembamba kilichoandaliwa kwa ajili ya viongozi wa makanisa madogo yasiyo na vinanda. Kilikuwa na nyimbo arobaini, zote katika sauti ya wastani, na maelezo ya kuchagua wimbo unaolingana na somo la siku. Akamhamishia rekodi kwenye simu, kisha akamwazima ule uma wa chuma. "Hivi vilitengenezwa na watu waliokwama kama wewe," alimwambia. "Usiviweke kabatini vikapendeza."

Mazoezi ya kwanza walikuja watu wanane. Mshona viatu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alizigeuza karatasi juu chini. "Tunafanya mtihani leo? Mbona sikuambiwa nije na kalamu?" Simu waliiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, wakaizunguka kama waota moto. Walikosea, wakacheka, wakarudia.

Kitabu kilisema kwamba nyimbo zianzishwe na mtu mwenye sauti ya kati, wala si lazima awe kiongozi. Kwa kutumia ule uma, kila mmoja alijaribiwa. Aliyefaa kuliko wote alikuwa mke wa Mzee Cheche. Kila mtu alitazama viatu vyake.

Walipofika nyumbani, Mzee Cheche alimuuliza, "Mke wangu, ulijua kwamba naanzia juu?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakukanyaga mguu kila Jumapili."

"Nilidhani benchi linakubana!"

Walicheka mpaka machozi, lakini ya Mzee Cheche hayakuwa ya kicheko peke yake. Kuanzisha wimbo mbele ya watu wake kulikuwa furaha yake ya juma zima. Jumapili iliyofuata alisimama, akafungua kinywa, akakifunga. Akamkabidhi mkewe uma wa chuma. Yeye akaenda kukaa na besi, kati ya mshona viatu na mpiga ngoma, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

Wiki zilizofuata wanane wakawa kumi na tano, kisha ishirini na sita. Akina mama walisikiliza rekodi wakifua. Mshona viatu alipiga besi yake akigongea misumari, hata wateja wakaijua. Mzee Cheche alibandika nota kwenye ukuta wa karakana, zikaunguzwa na cheche pembeni, akabandika nyingine.

Wiki ya sita binti alikuja na mchumba wake. Walikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kama watu waliojiandaa kuondoka. Mama aligonga uma gotini, akausikiliza, akaanza wimbo chini, taratibu. Sauti ya pili ikaingia. Besi wakaingia kabla ya zamu yao, mshona viatu akajipiga kofi kwenye paji la uso, watu wakatabasamu, lakini wimbo haukuanguka. Kiitikio kilipofika, chumba kizima kilipanda pamoja, hata kikongwe mmoja aliyezoea kusinzia akapanda nacho, na hakuna aliyeachwa njiani. Binti alijikuta anaimba sauti ya pili kabla hajakumbuka kwamba alikuja kuhukumu.

Baada ya ibada, mchumba alimshika Mzee Cheche mkono kwa mikono miwili. "Baba, watu wako wamejaliwa kwelikweli!"

Mzee Cheche hakubisha. Alimwonyesha tu kitabu, kurasa zimeingia alama za vidole vyeusi, pembe zimekunjika, mistari imepigwa chini ya kila mahali walipokosea.

Binti alikichukua, akafunua ukurasa mmoja, akafunua mwingine. Kisha akatoa kalamu kwenye mkoba.

"Baba, niandikie jina la kanisa kwa herufi kubwa," alisema. "Nataka mchapaji asikosee hata herufi moja."

Mzee Cheche aliandika polepole, kwa mkono uliozoea chuma, huku mkewe akimkanyaga mguu kwa furaha. Aliposikia wapita njia wakisimama dirishani na kusema kwamba kanisa lile limeshukiwa na sauti za ajabu, alitabasamu peke yake, maana yeye alikwisha jua: ukiona vyaelea, vimeundwa.