Ndama wa Twiga Aliyepelekwa Ng'ambo

Siku moja uwanjani walikuwepo Mfalme Chande, mkewe Mwanamize, mjumbe Sohrabu kutoka nchi ya ng'ambo, na Mishi, mchunga twiga wa mfalme, akiwa na mwanawe mchanga mgongoni. Walikuwepo pia twiga wawili, mama na ndama wake.

Sohrabu alikuwa amekuja kuchukua zawadi ya kumpelekea mfalme wake. Kwao hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona twiga.

"Mpe huyo mdogo," mfalme aliamuru. "Anapendeza."

Moyo wa Mishi ulipasuka. Akapiga magoti. "Bwana wangu, huyo bado ananyonya. Basi waende wote wawili."

"Umerogwa wewe?" mfalme akafoka. "Hujui mila yetu? Kimoja ni zawadi, viwili ni kodi. Unataka ng'ambo waseme Chande anawalipa kodi?"

Mwanamize akasema taratibu, "Mume wangu, nasi tuna watoto."

"Nyamaza. Mnyama husahau."

Sohrabu alivua joho lake akamfunika ndama macho, asimwone mama yake akibaki. Mishi aliliona hilo, akamwombea Sohrabu dua kimoyomoyo.

Mama twiga alibaki amesimama, shingo ameielekeza njia aliyopitishwa mwanawe. Kila siku Mishi alimletea majani mabichi ya mgunga, akimbembeleza kama anavyombembeleza mwanawe. "Kula, mama. Kidogo tu, kwa ajili yangu."

Hakula.

Mwaka uliofuata Sohrabu alirudi. Alikuwa na ndama yule yule, yu hai, amenawiri kwa maziwa ya ngamia.

Mfalme alikunja uso. "Kumbe bwana wako ameikataa zawadi yangu?"

"La, Mfalme. Aliipokea kwa mikono miwili. Lakini kila akimtazama ndama, ndama alikuwa anatazama njia. Bwana wangu akasema, 'Maadamu sasa ni wangu, nami namtoa zawadi kwa mama yake.' Yuko wapi mama yake?"

Mfalme alimgeukia Mishi. Mishi alishindwa kuinua uso.

"Tulimfukia kabla ya masika," alisema.

Ndama alikua, akaishi peke yake katika zizi la mama yake hadi mwisho wa siku zake.

Funzo: Ukitaka kuitwa mkarimu, toa kilicho chako, si mtoto wa mwingine. Na kabla hujatoa, tazama ni nani atakayebaki akilia.